Lori Lina Mizani, Mgonjwa Je?

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Mbeya kuja Tunduma, mizani ya Mpemba unaifahamu. Malori yamepanga foleni, matingo wamekaa kivulini chini ya matela wanatafuna mihogo, dereva anashuka na karatasi zake mkononi, uso ameukunja. Lori likipanda juu ya lile bamba la chuma, namba inatokea. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inataka lori na mzigo wake lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Likizidi, faini. Dereva atabishana, ataapa, atamtaja mjomba wake aliye serikalini, lakini namba iko pale kwenye karatasi na wote wawili wameiona.

Mpakani penyewe kuna ofisi ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Wengi wetu hapa mjini tunaijua kwa jambo moja tu, vyakula. Mzigo wa chakula unaopita mpakani huchukuliwa sampuli, ikapimwa kama ina mionzi, kisha mfanyabiashara akapewa cheti. Nimewahi kumsikia mama mmoja muuza dagaa akilalamika kwamba dagaa wake wana vyeti vingi kuliko mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Tulicheka sana siku ile.

Sasa swali langu. Kwa nini hapa petu lori lina namba, dagaa wana namba, lakini binadamu anayeingizwa katika chumba cha eksirei anatoka na picha ya mifupa yake tu, bila neno lolote la kumweleza mwili wake umepokea mionzi kiasi gani? Na je, namba hiyo ni haki yake, au ni mzigo ambao ni heri asibebeshwe?

Swali hili sikuliokota vitabuni. Mwaka 2016, mwaka ule ule Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya ikawa mkoa, mdogo wangu wa kike alianguka na bodaboda njia ya Chapwa. Alikuwa na miaka 19, amemaliza shule, anauza vocha za simu karibu na geti. Nyonga ikawa inamuuma, hawezi kukanyaga chini. Baba akafunga duka, tukampeleka hospitali moja ambayo sitaitaja, maana ninayoyasimulia yangeweza kutokea popote. Daktari akaandika: eksirei ya nyonga.

Tukakaa kwenye benchi la koridoni, watu kama ishirini. Mlango ukafunguka, kijana wa koti jeupe akachungulia, akaita jina, akamtazama mdogo wangu, na kwa sauti ya mpiga debe wa stendi akauliza:

"Wewe binti, una mimba?"

Baba alikuwa amekaa kushoto kwake. Mimi kulia. Mbele yetu alikuwapo mama mmoja tunayesali naye.

"Hapana," akasema.

Akaingia. Picha ya kwanza ikatoka na ukungu, eti alitikisika, ikapigwa ya pili. Nyonga ilikuwa nzima, Mungu mkubwa. Wakati wanamtoa nilimwona yule kijana vizuri. Kifuani alikuwa amebandika kibeji cha plastiki, kidogo kama kiberiti. Nikadhani ni kitambulisho chake cha kazi.

Siku kumi baadaye, usiku, mdogo wangu akanijia chumbani. "Kaka," akasema, "pale hospitali nilidanganya."

Ya baba na ya ukoo sitayasimulia, kila nyumba ina yake. Lakini kilichomkosesha usingizi hakikuwa baba. Kulikuwa na jirani yetu, mtu mzima wa heshima zake, ambaye alikuwa amemwambia eti mtoto aliyepigwa eksirei tumboni huzaliwa hana mikono, heri "asafishwe" mapema. Akamtajia na mtu wa kazi hiyo, ng'ambo ya mpaka. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kukusanya pesa. Ninyi mnaosoma haya mnajua wasichana wangapi wamekwenda kwa watu wa namna hiyo wasirudi.

Nikapanda basi kwenda Mbeya. Baba wa rafiki yangu alikuwa amefanya kazi za mionzi miaka mingi, amestaafu, anafuga kuku. Nikamwamkia, nikakaribishwa chai, nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Walipiga kwa kilovolti ngapi? Mgonjwa alikuwa umbali gani kutoka kwenye mashine?"

Nikamwonyesha bahasha. Ndani mna picha, juu yake jina na tarehe. Basi.

Akavua miwani, akaifuta. "Unaona? Mimi nikiwa kazini kila mwezi jina langu lilikuwa na namba yake. Huyu binti hana."

Ndipo nikaelezwa habari ya kile kibeji. Ndani yake mna punje za chumvi ya lithiamu. Mionzi ikipita, punje zinaimeza na kukaa nayo kimya. Baada ya muda beji inapelekwa maabara, punje zinapashwa moto, nazo zinatoa mwanga. Mwanga ukiwa mwingi, mionzi ilikuwa mingi. Namba inaandikwa kwa jina la mfanyakazi, na mfanyakazi ana kikomo, kwa wastani milisiviti 20 kwa mwaka zikihesabiwa kwa miaka mitano. Mwananchi wa kawaida aliye nje ya ukuta kikomo chake ni 1.

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa hana kikomo."

Nilikasirika, nikaona huo ni uonevu wa wazi. Mzee akaniacha nipoe, halafu akanieleza sababu yake, nami nitaieleza kwa haki maana ni sababu nzuri. Mtu amegongwa na lori, fuvu limepasuka, unamwambia nini? Kwamba mgao wake wa mwaka umekwisha arudi mwakani? Ndiyo maana Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi haikumwekea mgonjwa ukomo. Badala yake inadai mambo mawili: picha iwe na sababu ya kupigwa, na ikishakuwa na sababu itumie mionzi kidogo kabisa inayotosha kutoa picha inayosomeka.

Hoja hii niliikubali palepale, na bado naikubali. Lakini mwenye duka anayekukopesha bila kikomo bado ana daftari. Kukosa kikomo hakumpi mtu ruhusa ya kuacha hesabu.

Basi mzee akaanza kukadiria. Kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, ilibidi aseme "kati ya hapa na hapa". Picha moja ya nyonga humpa mtoto aliye tumboni miligrei 1 hivi kwa wastani, na inaweza kufika 4. Zilikuwa mbili, kwa hiyo 2 hadi 8. Ukweli uko mahali fulani katikati, hakuna atakayeujua tena. Halafu akasema maneno ambayo niliyaandika nyuma ya tiketi ya basi. Kwanza, hofu ya kilema kwa mtoto huanza kuzungumzwa kwenye miligrei 100 na kuendelea, na tume ile ya kimataifa mwaka 2000 ilisema wazi kwamba chini ya 100 mionzi si sababu ya kutoa mimba. Pili, katika watoto 100 wanaozaliwa duniani, kama 3 huwa na kasoro ya maumbile hata kama mama zao hawajawahi kuiona eksirei kwa macho, na kwenye miligrei 8 watabaki 3. Tatu, saratani ya utotoni. Hiyo huwapata watoto kama 3 katika 1,000, na kwa miligrei kama hizo inaweza kuwa 4.

"Si sifuri," akasema. "Mtu akikwambia ni sifuri, anakudanganya. Lakini si mikono."

Mdogo wangu aliisoma ile tiketi mara tatu. Aliuliza maswali mengi kuliko mimi niliyoyauliza. Halafu pesa alizokusanya akanunulia vitenge.

Mtoto alizaliwa, yuko shule ya msingi, mtundu, mikono yake miwili inavunja kila kitu. Siandiki hivi ili kuthibitisha lolote. Angeweza kuwa mmoja wa wale 3 katika 100, na namba za mzee zingebaki za kweli vilevile. Hapo ndipo penye ugumu wa hesabu za namna hii: haziapi kwa mtu mmoja. Mtu akipata saratani akiwa na miaka 50 hakuna daktari awezaye kuonyesha kidole na kusema ni picha ya mwaka fulani. Lori lililozidisha uzito linaacha shimo barabarani, unaliona. Mionzi kidogo iliyozidi bila sababu haiachi shimo. Kosa lisilo na mhanga wa kutajwa jina ni rahisi sana kulifanya kila siku na kulala usingizi.

Kabla ya mambo haya nilidhani swali zima ni la hatari inayofichwa na wakubwa. Nilichokiona ni kwamba namba ile ile inayomtisha mtu ndiyo iliyomwokoa mwingine. Aliyetaka kumpeleka mdogo wangu ng'ambo hakuwa na mionzi, alikuwa na uvumi, na uvumi umeua watu wengi kuliko yeye alivyodhani. Baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka mwezi wa nne 1986, hofu ilienea Ulaya yote. Huko Ugiriki, ambako mionzi iliyotarajiwa kumfikia mtu haikuzidi milisiviti 1, watafiti walikadiria mwaka uliofuata kwamba mimba kama 2,500 zilizokuwa zinatakiwa na wenyewe zilitolewa kwa woga. Si madaktari wote waliowatuliza akina mama wale. Wengine nao walikuwa wanaogopa.

Nisije nikaonekana wakili wa mashine. Upande wa pili upo, na una jina la mwanamke: Alice Stewart, daktari wa Uingereza. Enzi zile kumpiga mjamzito eksirei lilikuwa jambo la kawaida, ili kuona mtoto amelalaje. Stewart alitaka kujua kwa nini watoto wanakufa kwa saratani ya damu, akaamua kufanya jambo ambalo wakubwa waliliona la kipuuzi, yaani kuwauliza akina mama. Wale waliofiwa na wale ambao watoto wao ni wazima. Mwaka 1956 akatoa matokeo ya kwanza: waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei za tumbo wakiwa wajawazito mara mbili hivi kuliko wenzao. Alibezwa kwa miaka kama ishirini. Eti akina mama hukumbuka vibaya, eti mwenye msiba hutafuta wa kumlaumu. Mwishowe ulimwengu ukakubali na desturi ile ikaachwa.

Hapo narudi koridoni. Alice Stewart alipata ukweli kwa sababu aliwauliza wanawake kwa namna ambayo wangeweza kujibu. Yule kijana wa koti jeupe naye aliuliza. Kitabu chake cha kazi kinamtaka aulize, na ukienda kumshtaki atasema kweli kabisa kwamba aliuliza na akajibiwa hapana. Lakini swali lililoulizwa mbele ya baba wa msichana, katika mji kama huu wetu ambako habari huvuka mpaka bila pasipoti, lina jibu moja tu. Aliyeliuliza alikuwa anajikinga mwenyewe, kama alivyojikinga kwa ukuta na kwa kibeji. Pazia moja la kitenge pale mlangoni, na swali jingine lililo rahisi zaidi, "mara ya mwisho uliona siku zako lini?", lingetosha. Naamini mdogo wangu angesema kweli. Na picha ingeweza kusubiri siku mbili, au ikapigwa mara moja kwa uangalifu, au ikapigwa vilevile, maana nyonga ni nyonga. Lakini angekuwa ameamua yeye, akijua.

Nimewahi kubishana jambo hili na rafiki yangu mmoja mganga, tukiwa Vwawa. Yeye anasema: ukianza kuwasomea wagonjwa namba, wenye kifua kikuu watakimbia eksirei na kufia majumbani, na foleni haitaisha. Ana hoja. Mwenye kikohozi cha miezi miwili anayekataa picha ya kifua kwa kuogopa mionzi anaogopa kivuli huku simba amemkalia. Lakini angalia hesabu yenyewe. Picha moja ya kifua, mashine ikiwa nzima na mpigaji akiwa fundi, ni kama milisiviti 0.02. Ardhi hii, anga hili, na hewa tunayovuta vinampa mtu wa kawaida duniani kama 2.4 kwa mwaka bila kumwomba ruhusa. Kwa hiyo picha ya kifua ni sawa na kuishi siku tatu. Mgonjwa gani atakimbia siku tatu? Namba hii ukiificha, anabaki na neno "mionzi" peke yake, na neno hilo peke yake kweli linatisha.

Upande mwingine ziko mashine za CT, ambazo zamani tulizisikia Dar es Salaam tu na sasa serikali inazisambaza hospitali za rufaa za mikoa, jambo la kushukuru. Picha ya CT ya kifua ni kama milisiviti 7. Fanya hesabu mwenyewe: picha za kawaida 350. Inaokoa maisha, sisemi isitumike. Lakini nimesikia kwa masikio yangu watu wakiomba wapigwe "ile kubwa" kwa kuumwa kichwa cha siku mbili, kwa kuwa bima inalipa. Mashine yenyewe ukiisha kupigwa inaonyesha kipimo chako kwenye kioo chake. Namba ipo, haihitaji kutafutwa. Ni kwamba kioo kimemgeukia mtu mwingine.

Wala usidhani eksirei ni eksirei tu, popote utakapoipiga. Wataalamu wetu wamelipima jambo hili muda mrefu. Mwaka 2001 Wilbroad Muhogora na Nyanda walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba katika hospitali za Tanzania mionzi anayopewa mgonjwa inaweza kupunguzwa kwa marekebisho ya kawaida ya mashine, na picha ikabaki inasomeka. Mwaka 2008 Muhogora huyo huyo alikuwa mwandishi wa kwanza wa ripoti ya mradi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, hospitali 45 katika nchi 12 za Afrika, Asia na Ulaya Mashariki. Vipimo vya wagonjwa vilipishana hadi mara 88. Ingawa nyingi zilikuwa ndani ya viwango vinavyokubalika, mara 88 si mchezo. Mahali pengine picha 53 katika 100 zilikuwa mbovu, na picha mbovu maana yake "rudia". Walipoanza kukagua ubora, kuna waliopunguza mionzi kwa asilimia 85. Hawakuhitaji mashine mpya. Walihitaji kujua kwamba wamezidisha, na huwezi kujua umezidisha kitu usichokiandika. Nchi yetu ina sheria ya mambo haya tangu 1983, na hii ya sasa ni Namba 7 ya mwaka 2003, mashine zinasajiliwa na kukaguliwa. Sheria ipo. Kalamu ndiyo haipo.

Yule rafiki yangu mganga alinibana mwisho kwa swali moja ambalo sijalimaliza. "Ungekuwa mzee yule wa Mbeya," akasema, "na hesabu ikatoka 150 badala ya 8, ungemwandikia binti kwenye tiketi?" Nikanyamaza muda mrefu, chai ikapoa. Nadhani ningemwandikia. Nadhani. Namba ikiwa na haki ya kusemwa inapotuliza tu, basi hiyo imekuwa dawa ya usingizi. Lakini kusema hivi katika gazeti ni rahisi, sikuwa mimi niliyebeba mimba.

Mwaka jana baba alipata kikohozi. Nikampeleka kupigwa picha ya kifua. Mpiga picha alikuwa binti mdogo, pengine hata miaka 25 hana. Alipomwamkia baba nikapata ujasiri, nikamwomba atuandikie kipimo. Akanitazama kama nimemwomba namba yake ya simu, kisha akacheka, akageuza kioo cha mashine tukione, akapiga hesabu kidogo kwenye kiganja, akaandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha: 0.03.

Baba akaichukua bahasha, akaisogeza mbali na macho yake kama anavyosoma Biblia, akaitazama ile namba kwa makini.

"Hii ndiyo bei?" akauliza.

Nikamwambia si bei, baba, ni mionzi, ni kiasi ulichopokea leo. Akatafakari. Akaikunja bahasha, akaitia chini ya koti. Tulipofika stendi akaniuliza kama yule binti angeweza kumwandikia na zile za zamani, za miaka yote aliyofanya kazi ya utingo kwenda Ndola, maana kule waliwapiga picha kila walipoingia mkataba mpya na hakuna aliyewaambia kitu.

Nikamwambia hizo haziwezekani tena.

"Aa," akasema. "Basi andika hii moja."